Mtunza Stoo na Fagio la Ijumaa

Baadhi ya Ijumaa, kabla hajaenda msikitini, alifagia mara mbili. Kwanza alifagia sakafu kwa ufagio wa chelewa, akianzia pembe ya ndani na kumalizia kizingitini. Kisha aliuegemeza ufagio ukutani, akavaa miwani yake yenye mguu mmoja wa waya, akaketi mbele ya kompyuta na kufagia kazi zetu zilizokuwemo. Amri yenyewe ilikuwa mstari mmoja. Tulisikia kitufe kikibonyezwa, tukatazamana, na kila mmoja akajua kwamba Jumatatu kuna mtu atasimamishwa mbele ya wenzake.

Ijumaa gani ni ya fagio, hakusema. Ungeweza kukaa miezi mitatu salama, ukasahau, ukaanza hata kumwona mpole.

Tulimwita Mtunza Stoo, ingawa stoo aliyoitunza, ya shamba moja la mkonge upande wa Mazinde, ilikuwa imeng'olewa paa zamani na ndani yake yalikuwa yameota majani ya kufika kiunoni. Yeye aliendelea kutembea na ufunguo wake, umefungwa kwa kamba ya mkonge kwenye mkanda wa suruali. Aliutumia kukwangua matope viatuni na kutoboa machungwa. Ukimuuliza unafungua nini siku hizi, alikujibu, "Unafunga. Ufunguo kazi yake ni kufunga."

Kompyuta alijifunzia hukohuko shambani, zilipoletwa kwa ajili ya hesabu za stoo na hakuna kijana aliyezitaka. Alipostaafu alikodi chumba nyuma ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi mjini Korogwe, akaweka mashine moja kubwa na viti vinane, kila kiti na skrini yake, akaanza kufundisha. Mama mwenye duka, bibi kizee mwenye miwani minene kuliko ya kwake, alikuwa akimsalimu kila Jumatatu kwa swali lilelile:

"Mzee, leo utamliza mtoto wa nani?"

"Asiye na jina, mama."

"Wewe roho yako imetengenezwa na singa za mkonge."

"Ndiyo maana haikatiki."

Halafu, mtu huyohuyo, aliinama pale kaunta na kumtungia yule bibi uzi kwenye sindano, sindano tatu nne za siku nzima, akazichomeka kwenye kipande cha sabuni ili asihangaike. Siafu wakipita uani aliwaruka. Sisi hakuturuka.

Ngoja nieleze alichokuwa akifundisha, kwa sababu usipokielewa utamwona mwendawazimu tu, na hakuwa mwendawazimu. Si kigumu. Nimekieleza kwa wengi na sijaona aliyeshindwa.

Katika mashine ile moja kila mwanafunzi alipewa kontena lake. Kontena, kwa maneno yake, ni kibanda cha pale njiapanda ya Segera. Unachimbia miti minne, unatandika turubai, unauza. Wakikwambia ondoa, unang'oa, na kesho unasimika kingine kama kilekile. Uzuri wa kibanda ni kwamba hakikuumizi. Programu iliyomo ikiharibika, unabomoa na kusimika nyingine kwa dakika moja, na jirani yako hata hajageuza shingo.

Sasa, hifadhidata nayo unaweza kuiendesha ndani ya kibanda hicho. Lakini hifadhidata ina mali: majina ya watu, tarehe, maneno waliyosema. Mali ikilazwa kibandani, siku kibanda kinang'olewa inakwenda nacho. Kwa hiyo unajenga ghala nje ya kibanda, kwenye mashine yenyewe, unalipatia jina, kisha unaliunganisha na chumba kilekile cha kibandani ambamo hifadhidata inaandikia. Kibanda kikibomolewa, ghala linabaki. Ukisimika kibanda kipya na kukiunganisha na ghala lilelile, unakuta kila kitu mahali pake kama ulivyokiacha.

Kuna mtego mmoja tu, na huo aliurudia mpaka tukauchoka. Hifadhidata isipokuta ghala kwenye chumba chake, hailalamiki. Inachimba shimo pembeni, shimo lisilo na jina, inatia mali humo. Wewe utatazama, utaona mali ipo, utafurahi. Fagio likipita, kibanda kinaondoka, na mashimo yasiyo na jina yanafukiwa pamoja nacho.

"Chenye jina sikigusi," alisema. "Kisicho na jina ni changu na cha moto."

Msemo huo aliutoa shambani. Huko kila kifaa kilikuwa na kibati chenye jina, na kila mwisho wa mwezi alichoma visivyo na kibati. Siku moja alichoma viatu vya meneja. Meneja alikuja pekupeku, anatetemeka kwa hasira.

"Nani kachoma viatu vyangu?"

"Vilikuwa vyako? Pole sana, bwana meneja. Havikusema."

Hadithi hiyo alitusimulia mara nyingi na hakuna siku alicheka. Sisi ndio tuliocheka, mpaka zamu zetu zilipofika.

Maana hakutaka tujifunze kwa mifano ya kubuni. Siku ya kwanza kabisa alituambia, "Sitaki orodha ya matunda, sitaki majina ya ng'ombe wasiokuwepo. Leteni kitu kinachouma. Mtu haogopi kupoteza kisichomuuma." Tukaleta. Mmoja alileta orodha ya wanachama wa ushirika wa maziwa. Karani wa zahanati, mama wa makamo aliyekuwa mkubwa kuliko sisi wote, alileta tarehe za kliniki za watoto wa kijiji kizima. Hatukuitwa kwa majina yetu. Aliyetoka zahanati aliitwa Zahanati. Mimi niliitwa Kwaluguru, nilikozaliwa.

Jumatatu baada ya fagio, aliyepoteza alisimama mbele ya wenzake akatakiwa kusema kwa kichwa kile kilichokuwemo. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Hakuchapa, hakufukuza. Alivuta kiti, akakunja mikono, akasikiliza.

"Zahanati. Simama utuambie. Mtoto wa kwanza kwenye orodha alizaliwa lini?"

"Mwezi wa... mzee, walikuwa wengi."

"Sikuuliza wingi. Mtoto wa kwanza."

"Sikumbuki."

"Wa pili?"

Alitikisa kichwa.

"Mama yake anakumbuka. Wewe ulimwambia asihangaike kukumbuka, utamkumbukia wewe. Hukumwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

"Wa tatu?"

Alimpeleka hivyo mpaka wa kumi na nne. Yule mama alilia kwa kwikwi huku amesimama wima, mikono nyuma kama mtoto wa shule, na sisi tulitazama vidole vyetu. Mwishoni alisema, "Kaa," kwa sauti ileile ambayo mtu humwambia mgeni akae, akaendelea na somo.

Jumatatu iliyofuata, Zahanati alipoingia, Mtunza Stoo alitoa flashi mfukoni mwa shati na kuirusha juu ya meza yake bila kumtazama. "Chukua takataka zako." Ilikuwa orodha yote. Watoto wote, tarehe zote. Alikuwa amezinakili kabla ya kufagia, akamwacha mama wa watu alie wiki nzima akiamini zimekwenda.

Siku zilizofuata tulibishana. Wengine walisema huo ni unyama. Wengine walisema ni huruma. Mimi nilisema ni unyama wenye nakala, watu wakacheka, na nilijiona mjanja. Lakini tangu siku ile sote tulijua: Mtunza Stoo ana nakala. Hofu ikapungua nusu. Nafikiri hakulitarajia hilo, na nafikiri hapo ndipo njia yangu ya kupotea ilipoanzia.

Mambo mengine yake sikuyaelewa wakati ule. Kila Alhamisi alitutoa nje saa tisa, wiki hadi wiki, hata kama mtu alikuwa katikati ya sentensi. "Nendeni. Mashine inataka kupumua." Alifunga mlango kwa ndani na tukamwita mchoyo. Hakukopesha kalamu. Hakula mbele za watu, isipokuwa chungwa, na chungwa alilila kwa mpangilio, kipande kwa kipande, mbegu akizipanga mstari pembeni ya kibodi. Alipotaka kumsifu mtu hakumtazama yeye; aliwatazama wenzake na kusema, "Mwangalieni huyu." Katika miaka miwili niliyokaa pale nilimsikia akisema hivyo mara chache sana, na karibu zote zilikuwa juu yangu.

Mimi nilichelewa kupata cha kuleta; ghala langu la mazoezi lilipita mafagio mawili bila kupoteza hata neno. Ndipo nikaleta kitu changu kinachouma.

Shangazi yangu wa Kwaluguru alifiwa na mumewe, na hazikupita mvua mbili shemeji yake akapanda mstari wa minyaa katikati ya shamba lake. Anayeijua minyaa anajua: unakata tawi, unalichomeka, na msimu mmoja tu una ua linaloonekana limekuwepo tangu enzi za babu. Upande wa shemeji kikabaki kisima. Shangazi akaenda baraza la ardhi la kijiji. Wakamuuliza nani anaujua mpaka wa zamani. Alikuwepo mtu mmoja: mzee aliyekichimba kile kisima akiwa kijana, ambaye alipima kwa hatua zake kutoka mpakani ili asichimbe kwenye ardhi ya mtu.

Nilikwenda kwake na simu. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, anazungumza Kizigua kwa pumzi fupi fupi, na mimi niliandika kwa Kiswahili. Alinitajia kila kitu: kisiki cha mkwaju kilichofukiwa, upande gani, hatua ngapi, nani walishuhudia, wote marehemu sasa. Nilizunguka pia kwa wazee wengine wa kata na mipaka yao, maana nilikwishapata hamu. Fomu ya kwenye simu ikipata mtandao ilituma maelezo Korogwe na kujifuta yenyewe. Sikutumia daftari. Nilijivunia kutotumia daftari.

Shangazi aliniuliza, "Umeiweka wapi hiyo?"

"Mahali salama, shangazi."

Kontena la kazi hiyo nililisimika kwa kichwa. Nilikuwa na faili langu la zamani la maagizo, lililopita mafagio mawili. Ningeweza kulinakili tu. Lakini mtu aliyesemewa "mwangalieni huyu" hanakili. Nikaandika mistari yote kwa kumbukumbu. Ghala nikalijenga, jina nikalipa, na nikaliunganisha na chumba cha nje, chumba kimoja tu kabla ya kile ambamo hifadhidata ilikuwa ikiandika. Ikakuta chumbani kwake hakuna ghala. Ikachimba shimo.

Na sikujua, kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Msimu ule umeme wa Korogwe ulikatika karibu kila siku. Kila ulipokatika wenzangu walipiga kelele, na uliporudi walikimbilia viti vyao kutazama kilichobaki. Mimi nilifungua yangu taratibu: wazee wote wapo, mchimba kisima yupo, hatua zake zipo. Jioni nyingine umeme ulikatika mara nne, na mara nne maelezo yangu yalirudi. Mtunza Stoo mwenyewe alipita nyuma yangu, akatazama skrini, akawageukia wengine.

"Mwangalieni Kwaluguru. Giza linakuja, giza linaondoka, yeye hata hatoki jasho."

Nikaamini nimepimwa. Leo nawaambia wanafunzi wangu kwa upole, na naomba na wewe ulishike: umeme ukikatika, kibanda kinafungwa tu. Muuzaji akirudi anakuta bidhaa zake pale alipoziacha, hata zile za kwenye shimo. Kufunga si kubomoa. Ukitaka kujua kama ghala lako ni ghala, bomoa kibanda kwa mkono wako mwenyewe, mchana, ukiwa bado una mahali pengine pa kuipata ile mali. Sisi wa huku tumezoea umeme kutujaribu, tukafikiri hakuna mtihani mwingine.

Mchimba kisima alifariki kabla ya mavuno. Baraza lilisema si neno, maelezo yake yaletwe yamechapwa, kikao ni wiki ijayo. Nilikwenda Korogwe Ijumaa ya wiki hiyo kuyachapa. Nilipofika mlangoni sakafu ilikuwa imekwishafagiliwa, ufagio umeegemea ukuta, mashine imezimwa hadi Jumatatu.

Jumatatu nilifungua ghala langu. Jina lilikuwepo, limeandikwa vizuri. Ndani hamkuwa na kitu.

"Kwaluguru," alisema, na niliona ameshtuka, maana mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo. Lakini hakuacha desturi yake. "Simama utuambie."

Nilisimama. Nilisema jina la mzee. Nilisema kisiki. Nilisema mkwaju.

"Hatua ngapi?"

Nilikuwa nimeandika hatua za wazee wengi, za mashamba mengi, na kila nilipoziandika niliiachia mashine ikumbuke. Nikataja hesabu moja. Nikairudisha. Nikataja nyingine.

"Ipi?"

"Sijui, mzee."

"Kaa."

Nikakaa, na ndani yangu sikuwa na hofu kubwa. Nilijua kuna flashi. Nilijua kuna wiki moja ya kulia, kisha "chukua takataka zako." Nilimwomba shangazi aombe kikao kisogezwe, wakakisogeza. Jumatatu iliyofuata nilitazama mfuko wa shati la Mtunza Stoo. Hakutoa kitu. Jumatatu ya pili nilifika wa kwanza, nikakaa kiti cha mbele. Aliketi, akatunga sindano za bibi, akaanza somo. Kikao kilisogezwa mara ya mwisho. Jumatatu ya tatu shangazi aliitwa mbele ya baraza akasema maelezo hayapo, na mwenyekiti akamwambia shemeji, "Basi mpaka ni unaoonekana."

Unaoonekana ulikuwa minyaa. Ndugu zetu walichimba kutafuta kisiki siku moja, hapa na pale upande niliowaonyesha, bila kujua ni hatua ngapi, mpaka shemeji akawaambia wanamharibia shamba. Tangu hapo shangazi akitaka maji hupiga hodi kwenye ua wa mtu. Siku nyingine huambiwa asubiri, ng'ombe wanywe kwanza.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Si ulisema mahali salama, mwanangu?" na akaniuliza kama nimekula.

Niliacha kwenda Korogwe. Chumba kile nacho kilifungwa baadaye, macho yake yalipoanza ukungu.

Mwaka huu nimemkuta Segera, kwenye benchi la mama ntilie, pale magari ya Tanga, Arusha na Dar yanapoachana. Alikuwa na chungwa, anatoboa ganda kwa ufunguo uleule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Kwaluguru."

Aliacha kutoboa. "Nasikia unafundisha."

"Nafundisha, Handeni mjini."

"Unafagia?"

"Nafagia. Lakini nawaambia siku."

"Wanalia?"

"Hapana."

"Basi unapanguza tu." Alikula kipande, akaweka mbegu mezani, akaisogeza kwa kidole mpaka ikalingana na nyingine. "Yule mchimba kisima. Simama utuambie."

Nina watoto wawili. Nina wanafunzi wanaoniamkia barabarani. Nikasimama. Wauza mayai waligeuka kunitazama, mmoja akamwuliza mwenzake huyu dada ana nini.

"Alisema minyaa ni ya juzi," nikasema. "Alisema mpaka ni kisiki cha mkwaju, kimefukiwa. Unatoka kisimani, unalipa jua la asubuhi mgongo."

"Hatua ngapi?"

"Sijui."

"Kaa."

Nikakaa. Mama ntilie aliniletea chai bila kuagizwa. Nikaona nisipouliza siku hiyo sitauliza tena.

"Mzee, nilisubiri flashi. Jumatatu tatu."

"Najua. Ulikuwa unautazama mfuko wangu kama kifaranga."

"Ilikuwepo?"

"Alhamisi nilikuwa nawatoa ili ninakili," alisema. "Diski ilikuwa ndogo, haikutosha wote. Zahanati nilimnakili kila wiki. Yule hawezi kufunga hata mlango wa choo. Wa maziwa nilimnakili. Wale vijana wawili wa Mombo, wote. Nilianza na niliyemdharau zaidi, nikashuka hivyo hivyo mpaka diski inajaa."

"Na mimi?"

"Wewe sikukunakili hata siku moja."

Basi la Handeni lilikuwa limeingia, utingo anaita. Mtunza Stoo akapapasa mkanda wake, akahakikisha ufunguo upo, akashika ukingo wa meza na kuinuka kwa shida. Nilimshika kiwiko. Hakukitoa.

"Ningekudharau kidogo tu," akasema, "shangazi yako angekuwa anachota maji yake mpaka leo."

Utingo alimpandisha. Lilikuwa basi langu pia, maana nilikuwa nakwenda kwa shangazi, ambaye kila nikifika bado huniuliza kama yule mzee wangu wa Korogwe hajaiona nakala popote. Niliacha liondoke, nikabaki pale benchi natafuta maneno ya kumwambia shangazi kwamba haikuwepo kwa sababu nilikuwa nimesifiwa.